Kofia ya Chuma Nambari Kumi na Nne

Hakuna aliyekuwa akimtarajia mtu huyo. Aliingia kituoni saa moja u nusu asubuhi, karani hajafungua hata madaftari, akampita konstebo wa mlangoni bila ya kumtupia jicho, akaja moja kwa moja mpaka mezani kwa Inspekta Msaidizi Msabah. Alikuwa na pakacha la machungwa. Alilitua chini, akatoa machungwa moja moja, akayapanga mezani kwa uangalifu yasije yakaporomoka, na chini yake akaibua kofia ya chuma ya kijeshi, kuukuu, yenye tundu mbele, upande wa kulia.

"Nimeiba," alisema. "Nimekuja kujileta."

Msabah aliitazama kofia, kisha akamtazama mtu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tano au sita, mabega mapana, viganja vimeota sugu kwa kazi ya tezo. Kofia yake ya viua aliivuta chini mno, karibu iguse nyusi.

"Kaa kitako, bwana. Nani jina lako?"

"Simai Kificho, wa Nungwi. Nnajenga vyombo."

"Umeiba wapi?"

"Kwa Bwana Abrahman, yule mkusanya kofia, Mkunazini. Juzi Jumanne."

"Na nani kakuleta hapa?"

"Miguu yangu."

Konstebo alicheka. Msabah hakucheka. Aliigeuza kofia juu chini. Ndani mlikuwa na ukanda wa ngozi uliokauka, na juu ya ngozi ile imegongwa nambari, 4172. Kwenye ugwe wa kidevuni kilifungwa kikaratasi kwa uzi wa kahawia. Kiliandikwa kwa mkono wa mtu aliyezoea kuandika: *14. Nambari ya jeshi 4172. Kurwa Mzee, wa Kidichi. Askari wa Keya. Alikufa vitani Bama, 1944.*

"Kofia iliyotoboka," alisema Msabah. "Huwezi kutekea maji wala kulishia kuku. Umeibia nini?"

"Mie nimesema nimeiba. Kazi yangu imekwisha. Iliyobaki yenu."

"Huyu Kurwa ulimjua?"

Simai aliliona chungwa moja linataka kubingirika, akalidaka na kulirudisha mahali pake. "Andika kesi, Inspekta. Nifungie."

Msabah alivuta daftari la ripoti. Jumanne: baiskeli iliyopotea Darajani. Jumatano: ugomvi wa bombani, wanawake wawili na ndoo moja. Alhamisi, yaani leo, ukurasa mtupu. Miaka tisa alikuwa katika kazi hii, na hakupata kuona mwizi aliyewahi kufika kabla ya mwenye mali. Aliamuru mgeni apewe chai, akae kwenye benchi la ukumbini, asitiwe ndani. Kisha akaifunga ile kofia kwenye gazeti, akatoka.

*

Bwana Abrahman alikaa ghorofa ya pili katika nyumba nyembamba ya Mkunazini. Wakati wa vita alikuwa karani wa stoo ya jeshi. Yeye ndiye aliyewagawia askari wa Unguja mablanketi, mabuti na kofia za chuma, na kila kitu alikiandika. Vita vilipokwisha wenziwe wakasahau, yeye akaanza kuzitafuta zile kofia. Alizinunua kwa wauza vyuma chakavu na kwa mabaharia, nyingine alizikuta mashambani zikinywewa maji na mbuzi. Kila aliyoipata aliisafisha, akaisoma nambari yake, akaifuata katika daftari lake la zamani. Akiwa bado ana shaka aliandika barua Nairobi, au akafunga safari kwa miguu mpaka kijijini, hata akajua kichwa gani kiliivaa. Watoto wa mtaani walimwita Bwana Vyuma. Lakini wazazi waliofiwa walikuwa wakipanda ngazi zake, wakaomba waishike kidogo kofia ya mtoto wao, na yeye huwaacha, akatoka nje barazani mpaka wamalize.

"Shikamoo, Bwana Abrahman."

"Marahaba, Inspekta. Panda, panda. Angalia kichwa, mlango mfupi huo."

Chumba kilikuwa na rafu pande tatu. Kofia thelathini na mbili zilipangwa kwa nambari, kila moja na kikaratasi chake.

"Nimesikia umeibiwa," alisema Msabah.

Mzee alikuwa akimimina kahawa. Mkono wake ulisita kidogo tu. "Mimi? Nani kakupa habari hizo?"

"Kofia nambari kumi na nne."

"Kumi na nne ipo." Alielekeza kidole bila ya kugeuka. "Hesabu mwenyewe. Thelathini na mbili."

Msabah aliihesabu rafu. Ni kweli, zilikuwa thelathini na mbili, na ya kumi na nne ilikaa mahali pake, ina tundu mbele, upande wa kulia. Akaikaribia. Kofia za jirani zilikuwa na vumbi jembamba la siku nyingi. Hii ilikuwa safi. Vikaratasi vyote vilifungwa kwa uzi wa kahawia. Uzi wa hii ulikuwa mweupe pepe.

"Naweza kuishika?"

"Polepole."

Aliipeleka dirishani. Ndani, juu ya ukanda wa ngozi, nambari ilikuwa 4172. Alipitisha kidole kwenye tundu: duara safi, kingo kali, na chuma kikimeta kama sarafu mpya. Kisha akainama. Karibu na mguu wa meza, juu ya mkeka, palikuwa na kijisokoto cha chuma, kimejiviringa kama ukucha uliokatwa. Alikiokota, akakiweka mezani. Halafu akafungua gazeti lake, akaiweka kofia aliyokuja nayo kando ya ile ya rafuni.

Bwana Abrahman alikaa kitako.

"Risasi haitoboi hivi," alisema Msabah. "Risasi inakunja chuma ikakisukuma ndani. Tazama hii niliyokuja nayo. Hii ya rafuni imekatwa, haikukunjwa. Imetobolewa kwa keekee. Uliiazima wapi?"

"Kwa fundi wa milango hapo chini," mzee alijibu, bila hata ya kubisha. "Nilimwambia nataka kutundika rafu."

"Na nambari?"

"Chapa za nambari ninazo tangu stoo. Kofia ile ilikuwa tupu, haina mwenyewe."

"Bwana Abrahman, mtu anakuja kwangu kukiri kwamba kakuibia. Mimi nnakuja kwako, wewe unakana, na juu ya kukana umetengeneza kofia ya uongo. Nielewe vipi?"

Mzee alikizungusha kikombe chake mara mbili tatu. "Kesho saa tatu nnatakiwa mahakamani kwa Kadhi. Nnatakiwa niwe na hiyo kofia."

Akamweleza. Kurwa Mzee alitoka Kidichi mwaka wa arubaini na mbili, akaacha mke wa miaka kumi na tisa, Bi Kidawa. Mwaka wa arubaini na nne ikaja barua kwamba hajulikani alipo. Tangu hapo, miaka kumi na moja, haikuja nyingine. Bi Kidawa hakukaa eda, maana hakuambiwa kwamba ni mjane. Harusini hapaki hina, maana mumewe hayupo, na matangani watu hawampi pole, maana mumewe hakufa. Fundi mmoja wa kushona kanzu, mtu wa heshima, kapeleka posa mara mbili, na mara mbili karudishiwa jibu lile lile: mimi ni mke wa mtu.

"Si angeomba ndoa ivunjwe?" aliuliza Msabah. "Kwa muda wote huo Kadhi angemvunjia."

"Kadhi mwenyewe alimwambia hivyo mwaka juzi. Akakataa. Akasema, 'Nikimwacha naye yu hai, nimemwacha vitani. Nikimwacha naye kafa, nimemwacha kaburini. Mie nataka kujua.' Mwezi wa pili mwaka huu nikaipata kofia hii kwa muuza vyuma wa Mombasa. Ilikuwa na nambari yake na tundu la risasi. Nikamwita, nikamwonesha. Hakulia. Akaniomba niende nikaseme mbele ya Kadhi. Nikamwahidi. Jumanne nikaingia ndani kupika kahawa, nikatoka, kofia hakuna. Ningefanya nini, Inspekta? Nimwambie imepotea tena?"

"Kesho ungeapa juu ya kofia uliyoitoboa juzi?"

"Ningeapa juu ya habari ya kweli! Ile ilikuwa kofia yake."

"Ilikuwa nambari yake," alisema Msabah, na wakati huo alisema tu, hakujua bado kwamba amesema jambo. "Nani hapendi Bi Kidawa apate hukumu yake?"

Bwana Abrahman alikitua kikombe. "Ana shemeji, jina lake Mmanga, ndugu yake Kurwa. Anauza kamba Malindi. Mikarafuu ya Kurwa iliyoko Kidichi, anayeichuma ni yeye. Siku ile naye alikuwapo; alipoiona kofia alisema, 'Hicho ni chuma tu.' Akaondoka."

*

Duka la Mmanga lilinuka makumbi. Mwenyewe alikaa katikati ya mizunguko ya kamba, akisokota ncha ya moja kwa vidole vya miguu.

"Kofia?" alisema. "Mie nna kichwa kimoja, Inspekta, na kinatosheka na kofia ya kitambaa."

"Unamjua Simai Kificho wa Nungwi?"

"Nungwi nawauzia kamba watu hamsini. Wote wanadai ni jamaa zangu siku ya kulipa."

"Usinichezee, Mmanga. Kofia ya ndugu yako imechukuliwa siku tatu kabla ya kesi. Bi Kidawa akikosa ushahidi, mikarafuu inabaki mkononi mwako. Ulimtuma nani?"

Mmanga aliiachia ile kamba, ikajisokotoa yenyewe sakafuni.

"Nani unadhani alimpeleka shemeji kwa Kadhi?" aliuliza. "Nenda kaulize kwa karani wa mahakama, jina lililoandikwa pale la mlalamikaji wa kwanza ni la nani. Ni langu. Mama yangu kafa mwaka jana, Inspekta. Siku zake za mwisho kila gari likisimama barabarani anasema, fungueni mlango, Kurwa huyo. Sisi hatujamsomea khitma ndugu yetu hata moja. Utamsomeaje mtu ambaye pengine kesho atagonga hodi? Niliposema chuma tu, nilisema kwa sababu nilikuwa nimekwisha anza kulia na sikutaka yule mzee anione."

Msabah aliinama, akaiokota ile kamba, akamrudishia. "Samahani, Bwana Mmanga."

"Haidhuru. Unataka kamba? Kwa polisi nakata bei. Kamba za kufungia wenye hatia, lakini, si sisi."

Alipotoka pale, Msabah alipita kwa karani wa mahakama. Jina la kwanza lilikuwa la Mmanga Mzee, kama alivyosema. Mlango huo basi ulikuwa umefungwa, na aliyebaki ni mwizi asiyetaka kusema kwa nini ameiba, na kofia mbili za mtu mmoja.

Aliswali Adhuhuri msikiti wa karibu. Alipotoka, makubadhi yake hayakuwapo. Mahali alipoyaacha palikuwa na mengine, rangi ile ile, kisigino kimelika upande.

"Nimeibiwa," alisema, amesimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe la moto.

Mwadhini alikuwa akikunja jamvi, akacheka mpaka jamvi likamponyoka. "Polisi kaibiwa! Hapana, Inspekta, hakuna aliyeiba. Mtu katoka mbio, kavaa yaliyo karibu. Vaa yake na wewe. Alasiri mtaonana, mtabadilishana. Kila siku tunafanya hivyo."

Msabah alitia mguu kwenye kiatu cha mtu asiyemjua. Kilimbana vidole. Akashuka ngazi moja, ya pili, na kwenye ya tatu akasimama. Mwadhini alimwuliza kama miguu inamuuma. Msabah hakumsikia. Alikuwa akiona safu ya watu wanasujudu msituni alfajiri, na nyuma yao, au pembeni, safu ya kofia za chuma, zote rangi moja.

*

Simai alikuwa bado kwenye benchi. Chai ilikuwa imepoa, hakuigusa. Msabah alimwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango, akaiweka kofia kati yao.

"Ulikuwa Keya, Bwana Simai."

"Tulikuwa wengi."

"Vua kofia."

Simai aliivuta chini zaidi.

"Asubuhi nilidhani unaona haya. Lakini mtu aliyekuja kukiri wizi mwenyewe haoni haya ya wizi. Vua kofia yako, tafadhali."

Polepole Simai aliivua. Juu ya nyusi ya kulia palikuwa na kovu refu, limepanda mpaka kwenye nywele, na nywele hazikuota tena juu yake. Msabah aliinyanyua kofia ya chuma, akamvisha kama mtu anavyomvisha mtoto. Tundu liliangukia juu ya kovu, halikuzidi wala halikupungua hata kwa upana wa kidole.

"Nambari ya Kurwa," alisema. "Kovu lako."

Chini ya ukingo wa chuma macho ya Simai yalifumba.

"Mlikuwa mnaswali," alisema Msabah.

Macho yalifumbuka. "Nani kakwambia?"

"Viatu vyangu."

Simai aliivua ile kofia, akaishika magotini kwa mikono miwili. Aliitazama ndani, kama kwamba kuna kitu bado kimebaki humo. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya chini, sawasawa, kama mtu aliyekwisha jisemea maneno hayo mara nyingi peke yake.

"Alfajiri, siku ya Ijumaa. Sisi watu wa visiwani tulikuwa saba. Tunaweka kofia upande, mstari, tunaswali. Mimi na Kurwa tulikuwa mwisho wa safu. Kabla hatujatoa salamu mizinga ikaanza. Nikanyoosha mkono, nikachukua iliyo karibu, nikakimbia. Kurwa alikawia. Yeye alikuwa hivyo, hakatishi sala hata nyoka apite. Alipokuja kwenye shimo alikuwa kichwa wazi. Nikamwambia kofia yako iko wapi? Akanambia, 'Umeivaa wewe. Na yako siioni.' Akacheka, Inspekta. Nikaanza kuivua nimpe. Sijafungua hata ugwe wa kidevuni, kipande cha chuma kikampiga hapa." Aligusa utosi wake. "Hakusema tena."

"Na wewe?"

"Tuliambiwa turudi nyuma. Sikumwacha. Nilimchimbia kaburi kwa hii hii kofia, hakukuwa na sepetu. Nikamvika blanketi. Saa sita mchana nikajitia njiani kuwafuata wenzangu, risasi ikanipata. Ikapita kwenye chuma, ikachana ngozi, nguvu yake ikaishia hapo. Nikazinduka hospitali, wiki ya tatu. Kofia haipo. Kikosi kimekwenda mbali. Walikwisha andika kwamba Kurwa hajulikani alipo, na mimi nilikuwa sijaweza hata kutamka jina langu." Alipitisha kidole kwenye tundu la kofia.

"Nilipoweza," aliendelea, "nilijua watauliza alikufaje. Nitasema nini? Kwamba kofia yake imeniokoa mimi, na yeye kafa kichwa wazi? Nikasema nitasema mwezi ujao. Miaka imekwenda hivyo. Mwaka wa kwanza ni vigumu. Mwaka wa tano huwezi kabisa. Juzi nikasikia Kadhi ataoneshwa kofia, ataambiwa Kurwa kafa akiwa ameivaa. Nikaona sasa hata kufa kwake watamsingizia. Nikaja nikaichukua."

"Ukaileta hapa, badala ya kwenda kwa Kadhi."

"Naam."

"Ulitaka nikufungie. Mtu aliye ndani kesho saa tatu hawezi kuitwa shahidi."

Simai aliigeuza kofia, tundu likaangalia chini.

"Kesi ya wizi haina mlalamikaji," alisema Msabah. "Ofisi hii haina cha kukufungia. Kesho utakuja mahakamani au hutakuja?"

"Kwa Kadhi nitakwenda," alisema Simai. "Lakini si kabla yake yeye Kidawa. Kule Bama karani alikuwa akizisoma barua zote, na majina ya waliokufa yalibandikwa ubaoni kama bei ya mchele. Mimi na Kurwa tukaahidiana. Atakayerudi ataifikia nyumba ya mwenziwe mwenyewe, kwa miguu yake, asimame mlangoni aseme kwa mdomo wake. Ahadi ndogo. Akisikia mahakamani kwa mdomo wa wakili, au kwenu, nimeivunja mara ya pili."

Msabah alitazama saa. Gari la Kidichi lilikuwa linaondoka saa nane.

*

Walipita kwanza Mkunazini. Bwana Abrahman alisikiliza habari yote amesimama. Ilipomalizika hakumlaumu Simai kwa kuiba. Alimshika mkono, akamwuliza kovu linamuuma siku za mvua au la. Kisha akageuka, akatazama zile rafu tatu, kofia thelathini na moja zenye majina.

"Wote walikuwa wanaswali," alisema.

"Siyo wote," alisema Msabah.

"Wengi. Na hizi je? Zote nimewaambia watu, hii ya mwanao, hii ya mumeo. Wameziweka kifuani."

Mzee alivuta kiti, akachukua kalamu, akakata uzi wa nambari kumi na nne. Akaandika kikaratasi kipya, polepole. "Kesho nitakuja na daftari langu," alisema mwishowe. "Nitamwambia Kadhi nilikosea, na nitamwambia pia juu ya keekee. Nenda, Inspekta, gari litakuacheni."

Kidichi jua lilikuwa bado kali. Karafuu zilianikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na Bi Kidawa alikuwa amechutama akizigeuza kwa kiganja. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kanga moja kaifunga kichwani. Aliona sare ya polisi, akasimama. Hakukimbilia kuuliza. Mtu aliyengoja miaka kumi na moja hakosi subira ya dakika moja.

"Hodi," alisema Simai. Alikuwa amekwisha fika mlangoni, lakini alisema hodi.

"Karibuni."

"Mie siingii, Bi Kidawa. Nimekuja kusimama hapa." Aliivua kofia yake ya viua, akaikunja mkononi, kovu likawa wazi. "Naitwa Simai Kificho. Nilikuwa na mumeo. Kurwa amekufa, Ijumaa, alfajiri, mwezi wa kumi mwaka wa arubaini na nne. Nilikuwepo. Nimemzika mimi."

Msabah alibaki nyuma, kwenye majamvi ya karafuu. Alisikia kila neno. Simai hakuruka kitu: mstari wa kofia, mkono ulionyooshwa, kicheko cha Kurwa, kipande cha chuma. Hakujitetea popote. Bi Kidawa alisikiliza huku kashika kizingiti. Mara moja tu alimkatisha, akauliza alicheka vipi, na Simai akasema, kama mtu aliyeona mwenziwe kavaa kanzu ya ndani nje, na yeye akaitikia kwa kichwa.

"Ulijua miaka yote hii."

"Nilijua."

"Nungwi ni saa mbili kwa gari."

"Najua ni saa ngapi, Bi Kidawa."

Kuku walikuja wakaparura karibu na karafuu. Hakuna aliyewafukuza.

"Ulimlaza kibla?" aliuliza.

Hili Msabah hakulisikia kituoni. Alimwona Simai akikunja ile kofia mpaka ikawa donge.

"Hapana," alisema Simai. "Nilimwelekeza kaskazini, kama tunavyowaelekeza hapa kwetu. Kule kibla ni jua linapotua. Tulikuwa tumeswali kuelekea huko asubuhi ile ile. Nilijua, na mikono yangu ikasahau. Nilikuja kukumbuka hospitali."

"Ungeweza kuniambia ndiyo. Nani angekwenda kutazama?"

"Ningekuwa sijaja."

Bi Kidawa hakusema amesamehe, wala hakumwambia aondoke. Kisha akainua mikono masikioni, akavua kipuli cha kulia, akavua cha kushoto, akavifunga kwenye pindo la kanga. Mikononi alikuwa na bangili mbili za fedha. Ya pili ilikataa kupita kifundo, akaitemea mate, akaivuta kwa nguvu mpaka ikatoka.

"Inspekta," aliita.

"Naam, Bi Kidawa."

"Kesho mwambie Kadhi mimi siji. Mfiwa hatoki nyumbani."

Msabah alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba bado hukumu haijatolewa, kwamba Kadhi atapima ushahidi wa mtu mmoja na daftari moja, kwamba kwa hesabu ya sheria huenda eda hiyo ilikwisha miaka kumi nyuma. Akaufunga.

"Nitamwambia," alisema.

"Na wewe, Simai, usende na gari. Nitampelekea habari Mmanga; magharibi atakuja, na majirani watakuja. Utawaeleza kama ulivyonieleza mimi, na hilo la kibla pia. Watakutukana."

"Waache wanitukane."

"Kaa barazani basi. Nitakuletea maji."

Aliingia ndani. Simai alikaa kwenye ukingo wa baraza, kichwa wazi, uso umeelekea njia ambayo watu wangepitia.